Jikaze, Wifi

Mdogo wangu alioa kwa sababu ya kukonyezwa, na aliyemkonyeza hakuwa na habari.

Alikuwa amepata kazi ya kutandika marumaru kwenye korido ya hospitali. Kila asubuhi akiwa amepiga magoti na ndoo yake ya saruji, alipita mwanamke anasukuma toroli la mashuka kwenda chumba cha kufulia. Akapita, akamkonyeza. Akarudi na toroli tupu, akamkonyeza tena, mara mbili. Kesho yake mdogo wangu alikwenda kutandika marumaru amevaa shati la kupigwa pasi. Keshokutwa alijipulizia manukato, akamsimamisha wazungumze, na hapo ndipo akagundua kwamba macho yale yanakonyeza kila kitu: mlinzi wa getini, mtungi wa oksijeni, hata picha ya mganga mkuu iliyotundikwa ukutani. "Lakini nilikuwa nimeshachelewa, dada," aliniambia. "Nilishapenda."

Basi ndivyo nilivyompata wifi. Kule chumba cha kufulia wenzake walimwita Kope, na jina hilo hakulichukia. Mimi nilimwita wifi, naye akaniita wifi, maana ndivyo tulivyo. Ndoa yangu ilipovunjika nilihamia kwao na sanduku moja na cherehani yangu, nikaiweka sebuleni karibu na dirisha penye mwanga, na huu ni mwaka wa kumi na moja sijaondoka. Nashona sare za shule na mapazia. Nina ulimi, sikatai. Mdogo wangu husema cherehani yangu ina mota mbili, moja ya kushona na moja ya kusema.

Kuhusu maradhi ya wifi nilidhani najua yote. Kope, bega la kulia linaloruka kama mtu aliyeguswa na maji baridi, na kikohozi kidogo kisicho na kifua. Daktari wa mishipa ya fahamu alikuwa amemwandikia cheti chenye mhuri: Tourette. Mimi hutamka Ture, ulimi wangu umegoma kufika mbali zaidi. Alitueleza kwamba ni hali ya ubongo iliyompata tangu utotoni, mwili na sauti hufanya mambo bila yeye kutaka, wala si wazimu, wala si pepo, wala haiambukizi. Nilimsikiliza daktari kwa heshima zote. Kisha tuliporudi nyumbani nikamwambia wifi neno ambalo nimekuwa nikimwambia miaka yote hiyo: jikaze.

Ni neno langu hilo. Nilipoachwa nilijikaza. Mama alipofariki nilijikaza nikapika chakula cha watu mia. Sikuona kwa nini bega limshinde mtu.

Mwaka huu hospitali ikafunga chumba cha kufulia, mashuka yakawa yanachukuliwa na watu wa nje. Wafanyakazi walikuwa sita. Wanne walipewa barua na kushukuriwa, wawili wakahamishwa, na mmoja wao ni wifi. Walimweka mlangoni pa chumba cha upasuaji. Kazi yake kutoka na fomu, kuita jamaa za wagonjwa, kuwauliza kama kuna wa kutoa damu, kuwaonyesha wapi pa kutia sahihi. Nje ya mlango ule kuna benchi refu la mbao, na hapo ndipo watu hukaa wakingoja. Alipewa miezi mitatu ya majaribio. Ikishindikana, hapakuwa na sehemu nyingine ya kumpeleka.

Hamwezi kujua furaha aliyokuwa nayo. Miaka kumi na tano alifanya kazi chumba cha nyuma, kwenye mvuke na kelele za mashine, mahali ambapo hata ukipiga yowe hasikii mtu. Sasa alipewa aproni ya kijani na beji, akawekwa mbele za watu. Mimi mwenyewe niliipunguza ile aproni kiunoni imkae vizuri. Alijitazama kwenye kioo mpaka mdogo wangu akamuuliza kama anakwenda kazini au anakwenda kuolewa tena.

Wiki ya tatu, jioni, akaja akakaa kwenye kigoda karibu na cherehani.

"Wifi, kuna neno limeanza kuja."

"Neno gani?"

"Pole."

Nilicheka mpaka uzi ukakatika. "Pole ni adabu, wifi! Wenzako wenye Ture hutokwa na matusi, wewe unatokwa na adabu. Shukuru Mungu."

Hakucheka. Bega likaruka, akalishika kwa mkono mwingine. "Pale kwenye benchi, wifi, pole maana yake amekufa."

Nikaacha kukanyaga cherehani.

Akanieleza. Mtu akikaa kwenye benchi lile hatazami kitu kingine, anatazama kitasa cha mlango. Kitasa kikisogea, wote wanasimama. Habari ikiwa njema daktari anatoka mwenyewe, barakoa ameishusha kidevuni, anaanza kusema kabla hajafika. Habari ikiwa mbaya, kuna kimya kidogo, halafu linakuja neno lile. Hata watoto wanajua. Ndiyo maana siku ya kwanza kabisa Metroni, mkuu wa wauguzi, alimwita pembeni akamwambia: "Hapa utasema lolote, lakini pole husemi. Hilo ni la daktari peke yake."

"Ndipo lilipoanzia," wifi akasema. "Angenikataza neno lingine, lingekuja hilo lingine."

"Linakuja vipi?"

Akagusa chini ya koo. "Kama chafya. Unaweza kuizuia, lakini haiendi popote. Inakaa inangoja."

Nilimwambia akamweleze Metroni. Akasema Metroni ni mtu mwema, na kwa wema wake huo huo atamwondoa mlangoni siku ile ile, na akiondolewa mlangoni njia inayobaki ni ya getini. Hilo nilielewa. Kazi za marumaru huja na kuondoka, na mtoto wao yuko shule ya bweni. Lakini aliposema getini aliishika ile beji, nikajua hawazi chakula tu.

Basi nikafanya nilichokijua. "Jikaze, wifi," nikamwambia. "Kaza meno. Weka peremende mdomoni, mdomo wenye kazi hausemi."

Tukaanza kuishi kwa peremende. Nilimnunulia pakiti, nikazishonea mfuko mdogo ndani ya aproni ili asionekane anatafuta. Asubuhi nilimsindikiza kwa macho mpaka kona. Mchana nikishona nilikosea mishono, nikafumua, nikakosea tena. Kila nikisikia lango linagonga mapema, nadhani ni yeye amefukuzwa, kumbe ni mtu wa maji. Jioni akiingia simwulizi habari za kazi, namtazama tu, naye ananiambia neno moja.

"Bado."

Angesema "halikutoka" ningelala. Lakini bado! Bado ni neno la mtu anayengoja mvua. Mdogo wangu alijaribu kufanya mzaha kwamba lile neno na litoke tu mara moja yaishe, tukamgeukia wote wawili, akaenda kunawa miguu bila kuulizwa.

Yaliyotokea nimeyapata kwa wifi mwenyewe, na kwa Metroni, na baadaye kwa mwalimu mmoja aliyekuwa kwenye benchi siku ile, na hawapishani.

Ilikuwa asubuhi, saa nne na nusu. Kwenye benchi alikaa mtu mmoja tu, mwalimu wa sekondari, mtu wa makamo mwenye mkoba wa madaftari magotini. Mama yake mzazi alikuwa ndani, ngiri imembana, amepelekwa haraka tangu alfajiri. Alikuwa akisahihisha madaftari ili asifikiri. Ndani wakahitaji sahihi moja zaidi kwenye fomu ya damu, wakampa wifi, akashika kitasa.

Mwalimu akasimama, madaftari yakamwagika.

Wifi alikuwa ameandaa sentensi yake nzuri kabisa: Mwalimu, tunaomba sahihi yako hapa. Peremende ilikuwa imeisha. Akafungua mdomo, na kilichotoka ni "Pole."

Akajaribu tena. "Pole. Pole."

Mwalimu akamuuliza kwa sauti ndogo, "Amekwisha?"

Na wifi alitaka kusema hapana, yu hai, nipe sahihi tu. Lakini hofu ni kuni za moto ule. Shingo ikamruka, kidevu kikashuka kifuani, mara mbili. Mtu yeyote aliyeko kwenye benchi lile angesoma kitu kimoja tu.

Mwalimu hakulia. Alimwambia, "Asante, dada," akatoka nje kupiga simu.

Wifi akamkimbilia, na kila alipofungua mdomo amwite, lilitoka lile lile, na mwalimu aliposikia pole nyingine nyuma yake aliinua mkono kushukuru bila kugeuka. Akarudi ndani kumtafuta Metroni. Metroni alikuwa wodini, mpaka apatikane, mpaka aelewe, mpaka washuke ngazi, mwalimu alikuwa amewapigia watu saba, na wale saba nao wakapiga. Maji yakimwagika hayazoleki. Saa tano na nusu ua wa hospitali ulijaa kilio. Shemeji yake alikwisha fika kwa seremala kuulizia jeneza. Shangazi yake, bibi wa miaka sabini, alianguka akishuka kwenye gari kwa pupa, akavunjika kifundo cha mkono. Na katikati ya kilio hicho daktari akatoka, barakoa kidevuni, akauliza nani atamletea mgonjwa khanga safi, maana ameamka na anauliza nguo zake ziko wapi.

Mdogo wangu aliposimuliwa habari ya jeneza alitaka kucheka, nikamwona. Kisha akamtazama mkewe.

Wifi alikuwa amekaa sakafuni sebuleni, aproni ameikunja pembe nne magotini. Amesimamishwa kazi wiki moja. Ijumaa saa tatu kutakuwa na kikao cha nidhamu, mwalimu ameandika malalamiko kurasa tatu, na wifi anaruhusiwa kuja na ndugu mmoja. Mdogo wangu alikuwa na kazi mji wa pili, ameshachukua malipo ya mwanzo. Nikasema nitakwenda mimi. Nilisema kwa fahari, Mungu anisamehe.

Wiki ile nilimfundisha. Nilimkalisha kwenye kiti mbele ya cherehani, saa ya mezani kati yetu, nikamwambia asitikisike. Siku ya kwanza alifika dakika sita. Nikamwambia arudie. Siku ya pili kumi na tano. Alitoka jasho utadhani anabeba magunia, mishipa ya shingo imesimama, na mimi nashona nikimhesabia, "Jikaze, bado kidogo, jikaze." Akimaliza aliinuka kimya akaenda zake nyuma, nami nikidhani anakwenda kunywa maji. Alhamisi alikaa dakika arobaini, hata kope haikucheza. Nikampigia makofi. Nilimwambia kesho wakikuona umetulia hivi, watasema mtu huyu mzima kabisa, mrudisheni mlangoni.

Ijumaa tukaenda. Chumba cha mikutano kilikuwa na meza ndefu, feni inayolalamika, na viti vya plastiki. Upande wa pili walikaa watatu: Katibu wa hospitali, kijana nadhifu mwenye kalamu mbili mfukoni; Metroni, mama mnene mwenye miwani kifuani; na mwalimu, na mkoba wake. Katibu akaniamkia, "Shikamoo mama," nikaitikia marahaba, nikajiona nimeshashinda kesi.

Malalamiko yakasomwa. Yalipofika kwa shangazi, mwalimu alitazama dirishani. Wifi akaulizwa kama ni kweli, akasema ni kweli. Akaulizwa kama alikuwa amekatazwa neno lile, akasema alikatazwa. Majibu mafupi, mikono mapajani, uso kama wa picha ya kitambulisho. Nilikuwa nimemshika kwa macho, nikimvuta moyoni, nzuri, wifi, hivyo hivyo. Roho yangu ilikuwa mkononi, lakini nilijivuna.

Katibu akakichukua kile cheti cha daktari, akakisoma chote, akakiweka mezani taratibu.

"Hapa panasema mishtuko isiyo ya hiari. Maana yake huwezi kuizuia. Ndivyo?"

"Ndivyo," wifi akasema.

Katibu akatazama saa ya ukutani. "Tumeanza saa tatu na dakika tano. Sasa ni saa tatu na dakika arobaini na tatu. Nimekuwa nikikutazama tangu umekaa, dada yangu. Hujatikisa hata kidole."

Akakisogeza kile cheti upande wa wifi.

"Mimi si daktari," akaendelea, na hakusema kwa ubaya, hilo ndilo lililonitisha. "Lakini naona mtu anayeweza kujizuia akitaka. Hapa mbele ya kikao umejizuia. Pale mbele ya mwalimu, ambaye mama yake alikuwa chini ya kisu, hukujizuia. Nisaidie nielewe."

Mwalimu akasema polepole, "Kwa hiyo alikuwa anaweza."

Zile dakika arobaini zilikuwa zangu. Nilizipima na kuzikata na kuzishona mwenyewe kama sare, na sasa ndizo zilizokuwa zikimfukuza wifi kazi.

"Anaweza kwa muda," Metroni akasema. "Halafu lazima litoke. Nilikuwa nikiingia kufulia naona, hata mashine ikizimwa anaendelea."

"Mimi sijaona, Metroni. Mwalimu hajaona. Nitaandika nini? Kwamba nimeambiwa?" Katibu akachukua kalamu. "Nikiandika nilichokiona leo, huyu ni mtu aliyefanya uzembe na anasingizia ugonjwa. Na uzembe kwenye mlango ule adhabu yake inajulikana."

Nikashindwa kujizuia mimi. "Wifi, achia!" nikasema kwa nguvu. "Acha kujikaza! Waonyeshe!"

Wifi akanigeukia. Macho yalikuwa yamejaa maji, wala kope haikucheza.

"Siwezi," akasema.

"Huwezi nini? Si unasema haizuiliki? Achia tu!"

"Siwezi, wifi."

Katibu akainua mikono, kana kwamba mambo yamejisema yenyewe. Metroni ndiye aliyesogeza kiti chake mbele. Akavaa miwani.

"Nyumbani ukizidiwa unaachia wapi?" akamuuliza.

"Bafuni."

"Bafuni?"

"Nafungua mfereji, maji yanafanya kelele. Nafunga mlango, naachia mpaka iishe." Alikuwa akiongea na meza. "Au nasubiri chumba cha kufulia. Kufulia kulipofungwa imebaki bafuni."

"Mumeo hataki kuona?"

"Mume wangu ananijua. Tukiwa peke yetu naachia, yeye anaendelea kula."

"Sasa bafuni kwa nini?"

Wifi akanitazama, akarudisha macho mezani. Nilikuwa hata nimeanza kumkasirikia, jibu basi, mtu anakusaidia.

"Sebuleni yupo wifi," akasema.

Wote wakanitazama. Mwalimu pia.

"Alipohamia kwetu, siku ya kwanza, tulikuwa tunakula, nikashtuka nikatoa sauti, sahani ikaanguka. Akaniambia yeye amekuja kupumzika, hataki vituko mezani." Akajifuta pua kwa kiganja. "Si mtu mbaya. Ananipenda, ananishonea. Lakini akiwepo mwili wangu unajifunga wenyewe. Sasa hivi nataka kuachia, nimeshindwa. Umeshazoea."

Mimi sikukumbuka sahani yoyote. Nakiri hapa. Nilitafuta kichwani siku ile ya kwanza, nikakuta sanduku langu, machungu yangu na cherehani yangu, na wifi hayumo kabisa.

Metroni akavua miwani. "Mama," akaniambia kwa upole, "tunaomba utupishe kidogo."

Nikainuka. Nilipopita nyuma ya kiti cha wifi nilinyoosha mkono nimshike bega, nikaurudisha. Nikatoka, nikavuta mlango.

Kwenye korido hakukuwa na mahali pa kukaa. Nilisimama kwenye marumaru za mdogo wangu, nikatazama kitasa.

Mwanzoni palikuwa kimya, kimya kirefu, nikasema moyoni amekwisha, kazi imekwenda. Kisha nikasikia kiti kinagonga ukuta. Kikagonga tena. Ikatoka sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu ninayekaa naye nyumba moja, kali na fupi, kama mtu aliyekanyaga msumari, na juu yake ikaja nyingine, na nyingine, hazipumziki. Kiatu kikapiga mguu wa meza. Kikombe au glasi ikaanguka ikavunjika. Na katikati ya yote pole, pole, pole, pole, si ya adabu hata kidogo, inatoka kwa nguvu kama anayetapika. Mhudumu aliyekuwa anapita na deki akasimama, akaniuliza, "Kuna nini humo?" Nikamwambia ni wifi yangu. Akaniambia pole, nikaona aibu ya kutamani ardhi ipasuke.

Miaka kumi na moja. Kope, bega na kikohozi kidogo, ndivyo nilivyokuwa nikiwaambia watu, ndivyo nilivyomwambia hata daktari, nikamjibia mwenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako, na kumbe nguo ilikuwa mimi.

Sijui ilikwenda dakika ngapi. Nilisikia sauti ya mwalimu: "Basi. Basi jamani, mwambieni inatosha." Na Metroni: "Haambiwi, Mwalimu. Inaisha yenyewe." Zile sauti zikaendelea, kisha zikaanza kuachana, moja, halafu nafasi, halafu moja. Nikasikia maji yanamiminwa. Nikasikia Katibu anakohoa kama mtu anayetafuta pa kuanzia.

Mwalimu ndiye aliyetoka kwanza. Uso ulikuwa umemshuka. Akaniambia malalamiko yake hayafuti, kwa sababu ya mkono wa shangazi, na kwa sababu mtu yeyote akikaa kwenye benchi lile ana haki ya kujua anaongea na nani. Lakini atabadilisha ukurasa wa tatu, alipoandika kwamba ilikuwa makusudi. "Nilimwita mkatili," akasema. "Nimeandika hivyo kwa mkono wangu." Akaenda wodini kumtazama mama yake.

Metroni akaja nyuma yake na uamuzi. Mlangoni harudi. Atahamia chumba cha kufungashia vifaa vya upasuaji, huko kuna watu wawili tu, na wote wanaijua kazi ya mikono yake. Majaribio yanaanza upya, miezi mitatu. Barua ya onyo itawekwa kwenye faili, na cheti cha daktari kitawekwa juu yake. "Tungemfukuza," Metroni akaniambia chini chini. "Katibu alikuwa ameshaandika nusu ya sentensi."

"Ameipokeaje?" nikauliza.

"Amelia kwa ajili ya ile aproni. Huko ndani hawavai beji."

Kupitia mlango ulioachwa wazi nilimwona wifi kabla hajaniona. Alikuwa ameinama anaokota vipande vya glasi, na mwili wake ulikuwa umelegea kwa namna ambayo siijui. Bega linaruka, shingo inaruka, sauti ndogo ndogo zinamtoka kama zinavyomtoka mtu anayeimba akifanya kazi, na uso wake, pamoja na machozi, ulikuwa umepumzika. Alionekana mdogo kwa miaka kumi. Nikajikuta natabasamu.

Akainua kichwa, akaniona.

Kila kitu kikasimama. Bega likashuka mahali pake, mdomo ukafungwa, macho yakatulia, akawa yule wifi ninayemjua mimi. Sikuwahi kuumia hivyo hata siku niliyoachwa.

"Twende nyumbani, wifi," akasema kwa ile sauti yake ya upole.

"Mimi natangulia," nikamwambia. "Wewe njoo nyuma yangu, taratibu, sina haraka."

Akanitazama kama mtu aliyepewa fomu asiyoielewa. Sikumweleza, ningeharibu. Nikageuka nikashika njia, korido, ngazi, geti. Barabarani nilisikia viatu vyake hatua kama kumi nyuma, kimya, kimya, mpaka tukapita duka la vipuri. Hapo nikasikia sauti moja fupi. Kisha nyingine. Mtu mmoja upande wa pili wa barabara akasimama kumtazama, nikamkazia macho mpaka akaendelea na safari yake.

Nilitamani kugeuka kuliko nilivyowahi kutamani kitu chochote. Sikugeuka. Nilipofika nyumbani shingo ilikuwa inaniuma.